Kuhesabu Ndege Wakati wa Baridi: Historia Fupi na Kumbukumbu ya Mama Yetu wa Daftari



Tarehe 5 Desemba kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Watu Wanaojitolea. Siku hii iliwekwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1985, na hapa kambini tumezoea kuiadhimisha kwa ngoma, kwaya, hotuba na toleo hili la kumbukumbu. Mwaka huu kamati imenipa mimi, mwalimu wa historia, kazi ya kuandika habari za mama yetu wa kamati ya maji aliyetutoka mwezi wa tatu. Jamaa zake wameomba jina lake lisichapishwe, nasi tumewakubalia. Watu wa kijiji chetu watamjua hata bila jina.

Nilipokaa kuandika niliona kwamba siwezi kueleza kazi ya mama huyu bila kueleza habari za ndege wa nchi za baridi na watu wanaowahesabu. Najua wapo watakaouliza: ndege wanatuhusu nini sisi ambao mgao wa chakula wenyewe hautoshi? Nawaomba mnifuate mpaka mwisho ndipo mnihukumu.

MAMA NA DAFTARI LAKE

Mama huyu alivuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996, vita vilipoingia Kivu ya Kusini, akiwa na mtoto mmoja wa kike mgongoni. Alipofika hapa mkoa wa Kigoma alipewa shitingi, sufuria na ndoo kama sisi sote. Kamati ya maji ilipotafuta watu wa kujitolea kusimamia mabomba, alisimama mkutanoni akasema yeye hajui mambo mengi, lakini kuandika anajua.

Kuanzia siku hiyo kila alfajiri alikuwa bombani na daftari la shule. Aliandika saa ambayo maji yalifunguliwa, idadi ya madumu yaliyojazwa, na saa ambayo maji yalikatika. Hakulipwa mshahara. Daftari likijaa alilifunga kwa kitambaa, akaliweka katika sanduku la bati, akaanza jingine.

Pembeni mwa kurasa aliandika pia mambo yake mwenyewe. Kila mwaka, mvua zinapokaribia, utakuta maneno haya: "Mbayuwayu wamekuja." Na kila mwaka mvua za masika zinapomalizika: "Mbayuwayu hawapo." Nilimwuliza siku moja kwa nini anaandika habari za ndege katika daftari la maji. Alinijibu: "Mwalimu, hawa nao ni wageni kama sisi. Nataka kujua kama wanarudi wote."

Binti yake alikua hapa, akasoma shule zetu, kisha akapata bahati ya kupelekwa Marekani kwa mpango wa makazi mapya. Aliwekwa katika mji wa Columbus, jimbo la Ohio. Majira yake ya kwanza ya baridi yalimtisha. Alipiga simu akilia: kuna theluji, jua linazama mapema, hakuna mtu nje, jirani humwoni wala humsikii. Mama akamwuliza, "Ukitazama dirishani unaona nini?" Akajibu, "Ndege tu uani, na kindi." Mama akauliza, "Wangapi?"

Binti alicheka, lakini juma lililofuata alikuwa amewahesabu. Akaeleza pia kwamba nyumba ya pili anakaa bibi mzee aliyetundika chombo cha mbegu mtini, na kwamba bibi huyo naye huandika idadi ya ndege kila majira ya baridi na kuipeleka kwa wataalamu. Mama alifurahi sana. Alizunguka kijiji kizima akisema, "Kumbe na huko wako watu wa daftari!"

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta historia ya watu hao. Niliyoyapata ndiyo haya.

DESTURI YA KUUA ILIVYOGEUKA KUWA DESTURI YA KUHESABU

Karne ya 19 ilipokuwa inaelekea mwisho, ndege wa Amerika ya Kaskazini walikuwa katika taabu kubwa. Wanawake wa mijini walivaa kofia zilizopambwa kwa manyoya, na hata kwa ndege wazima waliokaushwa. Mwaka 1886 kijana mmoja, Frank Chapman, alitembea katika mitaa ya madukani ya New York akizitazama kofia hizo. Alihesabu kofia 700. Kati ya hizo 542 zilikuwa na manyoya ya ndege, na aliweza kutambua aina 40.

Chapman alizaliwa mwaka 1864 katika jimbo la New Jersey. Hakusomea ndege chuoni. Alikuwa karani wa benki. Mwaka 1884 chama cha wataalamu wa ndege cha Marekani kilitafuta watu wa kujitolea kuandika siku ambazo ndege wahamaji hufika na kuondoka, naye akajiandikisha. Aliamka alfajiri, akaenda porini na daftari, kisha akapanda treni kwenda kazini. Miaka miwili baadaye aliacha benki akaenda kufanya kazi za ndege katika jumba la makumbusho la elimu ya viumbe la New York, kwanza kwa kujitolea, halafu kwa mshahara kuanzia mwaka 1888. Alikaa huko mpaka uzee wake.

Wakati ule kulikuwa na mchezo wa sikukuu ya Krismasi. Wanaume waligawanyika makundi mawili, wakaenda porini na bunduki, wakapiga kila kiumbe walichokutana nacho, ndege na wanyama. Jioni walirundika mizoga na kundi lenye rundo kubwa ndilo lililoshinda. Katika gazeti lake la ndege, Chapman aliwaomba wasomaji kwamba siku ya Krismasi ya mwaka 1900 waende porini bila bunduki, wahesabu ndege walio hai, na wamletee hesabu.

Waliomwitikia walikuwa 27 tu. Walihesabu katika mahali 25, kuanzia Toronto nchini Kanada hadi pwani ya California, na wakaona aina 90 hivi kwa jumla. Mtu mwenye haraka angesema jambo hili halina maana. Lakini mwaka uliofuata walihesabu tena, na mwaka wa tatu tena, na hesabu hiyo haijakatika mpaka leo. Siku hizi hufanyika kati ya tarehe 14 Desemba na tarehe 5 Januari, katika vituo zaidi ya 2,500. Kila kituo ni duara lenye upana wa kilomita 24, na wahesabuji ni makumi ya maelfu. Wengi hutembea porini katika baridi kali, na wazee au wagonjwa wasioweza kutembea huhesabu wale wanaokuja uani mwao, wakikaa dirishani na kikombe cha chai.

Angalieni jambo hili, ndugu zangu. Chapman hakuwagombeza wawindaji tu na kurudi nyumbani. Aliwaachia safari yao ya sikukuu, akawaachia ushindani wao na furaha yao ya kutembea pamoja, akaondoa bunduki akaweka kalamu.

MWALIMU WA VIBORG NA PETE ZAKE

Baada ya Chapman nawaleta kwa mwalimu mwenzangu. Hans Christian Mortensen alifundisha shule katika mji wa Viborg, Denmark. Alitaka kujua ndege wa uani kwake huenda wapi baridi inapoingia. Tangu zamani watu wa Ulaya walibishana juu ya jambo hilo. Wako walioamini kwamba mbayuwayu hujificha katika matope chini ya maziwa mpaka joto lirudi!

Ushahidi mmoja mkubwa ulikwisha kuonekana nchini Ujerumani mwaka 1822. Karibu na kijiji cha Klütz aliuawa korongo mweupe ambaye shingoni mwake ulipita mkuki wa mti, urefu wake karibu sentimita 80, wa namna inayotengenezwa Afrika. Korongo huyo alichomwa huku kwetu, hakufa, akaruka na mkuki wake mpaka Ulaya. Mpaka leo amehifadhiwa katika chuo kikuu cha Rostock, na mkuki wake ungali shingoni. Ndipo watu wakajua kwamba wakati wa baridi korongo huja Afrika.

Lakini huwezi kungoja kila ndege achomwe mkuki ndipo ujue safari yake. Mwaka 1890 Mortensen alijaribu kuwafunga kwezi pete za zinki miguuni, akaona ni nzito mno. Akaacha, akafikiri, na mwaka 1899 akarudi na pete nyepesi za alumini zilizochorwa namba na jina la mji. Mwaka huo aliwafunga kwezi 165. Kila aliyemwokota ndege mwenye pete aliweza kuandika barua Viborg. Kazi hii aliifanya nje ya saa za shule, na kutokana nayo elimu ya kuwafunga ndege pete ilienea duniani.

Uingereza ilianza kazi hiyo mwaka 1909. Mwezi Mei 1911 mwanasheria mmoja aitwaye John Masefield alimfunga pete mbayuwayu nyumbani kwake, Cheadle, katika jimbo la Staffordshire. Mwezi Desemba 1912 ikaandikwa barua kutoka Natal, Afrika ya Kusini: mbayuwayu yuleyule amekamatwa ndani ya nyumba ya shambani. Ndege mwenye uzito wa gramu 20 hivi, ambaye ungeweza kumtuma kwa posta kama barua, alikuwa amevuka bahari, jangwa la Sahara na misitu yetu.

Basi mbayuwayu wa daftari la mama ni hao. Wa Uingereza hushuka hadi kusini mwa bara. Wengi wengine, kutoka Ulaya na Asia, humaliza baridi yao huku kwetu, Afrika ya Mashariki na ya Kati. Binti wa mama anapotazama theluji, mama alitazama ndege waliokimbia theluji ya nchi nyingine. Na tofauti yao nasi ni moja: wao hawaulizwi karatasi mpakani.

MAMA WA COLUMBUS

Sasa nafika kwa mtu aliyenigusa kuliko wote, kwa sababu aliishi katika mji uleule wa Columbus alikopelekwa binti yetu.

Margaret Morse Nice alizaliwa mwaka 1883 katika jimbo la Massachusetts. Alisoma chuo kikuu, lakini mwaka 1909 aliolewa, akazaa watoto watano wa kike, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa jikoni na kwa watoto. Hakuwahi kupata kazi ya mshahara katika chuo chochote. Mumewe ndiye aliyekuwa mwalimu wa chuo kikuu.

Walipokuwa wakikaa jimbo la Oklahoma, mwaka 1919, wakuu wa uwindaji wa jimbo walitaka ruhusa ya kuwapiga hua ianze mwezi wa nane, wakisema kwamba wakati huo hua wamekwisha kulea makinda. Bibi Nice hakukubali maneno matupu. Alikwenda kutafuta viota, akavikuta vyenye mayai na makinda mwezi huo wa nane na hata baadaye. Akaandika aliyoyaona kwa tarehe na idadi. Tangu hapo alirudi kwa ndege, asiwaache tena.

Mwaka 1927 familia ilihamia Columbus. Nyumba yao ilikuwa karibu na mto, penye vichaka vingi. Huko alifiwa na binti yake mmoja aliyekuwa bado mdogo. Mwezi Machi 1928 alimfunga pete shomoro wake wa kwanza, shomoro wa Amerika anayejulikana kwa uimbaji wake. Aliwanasa uani kwa mtego wa mbegu, akawafunga pete ya alumini yenye namba na pete za rangi ili awatambue kwa mbali, kisha akawaachia. Wakati wa baridi, watu wengine wakijifungia ndani, yeye alikuwa nje akiangalia nani amebaki na nani ameondoka. Aligundua kwamba baadhi ya shomoro hao hubaki majira yote ya baridi palepale na wengine huhamia kusini. Aligundua pia kwamba kila dume ana eneo lake, analolilinda kwa wimbo na kulirudia mwaka baada ya mwaka.

Kulikuwa na dume mmoja aliyempa alama 4M. Alimfuata kwa miaka kadhaa kama mtu anavyomfuata jirani yake. Siku moja ya mwezi Mei 1935 alikaa kuanzia kabla ya mapambazuko hadi jioni akihesabu nyimbo za ndege huyo. Zilikuwa 2,305.

Miaka ile ya 1930 ilikuwa miaka ya dhiki kubwa Marekani. Watu wasio na kazi waliruhusiwa kulima bustani katika vichaka vile vya mtoni, wakafyeka ili wapate mboga za watoto wao. Shomoro wakapungua. Sisi tunaotafuta kuni kila siku katika misitu ya wenyeji tunaielewa habari hiyo vizuri kuliko wasomaji wengine. Mwenye njaa hana kosa akilima, na ndege hana kosa akikosa pa kujenga. Lakini kama pasingekuwa na mtu wa kuandika, hakuna ambaye angejua kwamba kitu kimepotea.

Kazi ya Bibi Nice ilichapishwa katika vitabu viwili, mwaka 1937 na mwaka 1943. Wataalamu wakubwa waliisoma na kuistaajabia. Mwaka 1938 alikwenda Austria kujifunza kwa Konrad Lorenz, ambaye baadaye, mwaka 1973, alipewa Tuzo ya Nobel, nao wakawa marafiki. Akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama kimojawapo kikubwa cha wataalamu wa ndege wa Marekani. Alifariki Chicago mwaka 1974, akiwa na umri wa miaka 90. Yote hayo yalianzia uani, kwa mtego wa mbegu na daftari la mama mwenye watoto.

UA MMOJA NI MDOGO, NYUA ELFU NI NCHI

Huenda msomaji akasema: hao walikuwa watu wa pekee. Mimi ninayeona ndege sita uani kwangu nitaongeza nini? Historia ina jibu.

Katika nchi za baridi, majira hayo ndiyo rahisi ya kutazama viumbe uani. Majani yamepukutika, kwa hiyo ndege hana pa kujificha. Theluji imefunika mbegu za porini, kwa hiyo hukaribia nyumba za watu. Usiku ni mrefu na ndege mdogo hana akiba kubwa mwilini. Akishindwa kula vya kutosha mchana, huenda asiione asubuhi. Ndiyo maana hujituna manyoya mpaka akawa kama mpira, na wako wanaoshusha joto la mwili usiku ili akiba isiishe upesi. Kindi naye huchimbua karanga na mbegu alizozifukia kabla ya baridi. Mtu akiwawekea mbegu na kukaa kimya dirishani, ataona mapambano ya maisha bila kutoka nyumbani.

Mwaka 1976 watu wa jimbo la Ontario, Kanada, walianza kuandika kwa utaratibu ndege wanaokuja kwenye vyombo vya mbegu. Mwaka 1987 mpango huo ukapanuliwa ukawa wa Kanada na Marekani pamoja, na majira ya kwanza tu ya baridi walijiandikisha watu zaidi ya 4,000. Huko Uingereza mwaka 1979 watoto waliombwa wahesabu ndege wa bustani zao kwa saa moja mwezi wa kwanza. Ilidhaniwa kwamba watajibu wachache. Zikaja karatasi 34,000.

Kazi hiyo imeleta faida gani? Nitatoa mifano miwili.

Mwanzoni mwa mwaka 1994, karibu na mji wa Washington, watu waliokuwa wakiwalisha ndege uani waliona jambo la ajabu: ndege wadogo wenye kifua chekundu, wa jamii ya chiriku, walikuwa na macho yaliyovimba na kufunga, wakawa hawaoni chakula. Ulikuwa ugonjwa wa kijidudu kinachofahamika kwa wafugaji wa kuku. Mwezi Novemba mwaka huohuo wahesabuji wa uani walipewa karatasi za kuandika kila ndege mgonjwa na kila ndege mzima waliyemwona. Kwa karatasi hizo wataalamu waliufuata ugonjwa ulivyosafiri kutoka jimbo hadi jimbo, mpaka ukaenea mashariki yote ya bara lile. Hakuna daktari ambaye angeweza kukaa katika kila ua. Ni jirani aliyeona kwanza.

Mwaka huohuo wa 1994, mwezi Julai, kipindupindu kiliua maelfu na maelfu ya wakimbizi Goma. Wazee wetu wengi wanaukumbuka. Tangu hapo kambi zimejifunza kuwa na wahamasishaji wa afya wanaopita nyumba kwa nyumba wakiuliza: nani anaharisha, tangu lini, mmechota maji wapi? Kazi yao na kazi ya yule bibi wa dirishani ni moja: kuona mapema, kuandika kweli, kupeleka habari.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Ndege huwa hawapotei kwa siku moja. Hupungua mmoja leo, mmoja kesho, na macho ya mtu huzoea. Uingereza mwaka 1979 ua mmoja ulikuwa na wastani wa kwezi 15 na shomoro 10. Miaka 40 baadaye wastani wa kwezi ulikuwa umepungua kwa karibu asilimia 80 na wa shomoro kwa zaidi ya nusu. Na mwaka 2019 wataalamu walijumlisha hesabu za miaka mingi za Marekani na Kanada, zikiwemo zile za Krismasi alizozianzisha Chapman, wakakuta kwamba tangu mwaka 1970 ndege wa bara lile wamepungua kwa karibu bilioni 3. Wengi wa waliohesabu walikuwa watu wa kujitolea, na wengi wao walikwisha kufa bila kujua jumla itakuwa ngapi. Kila mmoja aliandika ndege zake sita, akaacha.

Haba na haba hujaza kibaba. Lakini kibaba kisipopimwa hujui kama kinajaa au kinavuja.

TURUDI BOMBANI

Mwaka mmoja maji ya bomba letu yalianza kupungua. Wakina mama walilalamika. Ofisi iliyohusika ilijibu kwamba maji ni yaleyale, ila watu wamezidi kunung'unika. Mama yetu hakupiga kelele. Alikwenda nyumbani, akafungua sanduku la bati, akatoa madaftari mawili. Mwezi wa sita bomba lilikuwa likijaza madumu 310 kabla ya kukatika. Mwezi wa nane yalikuwa madumu 190, na saa za kufungua ni zilezile. Aliyeyasoma madaftari yale hakuwa na neno tena. Fundi alipochimba njia ya bomba, alikuta limepasuka chini ya ardhi karibu na mtaro.

Nilipoisoma habari ya Bibi Nice na hua zake, nilimkumbuka mama siku ile. Hawakuwahi kujuana, na mmoja alikufa kabla mwingine hajaijua kambi. Lakini njia yao ni moja: usibishane na mkubwa kwa sauti, bishana naye kwa tarehe na idadi.

Mama aliugua mwezi wa pili. Siku tatu kabla ya kufariki alituma mtoto wa jirani aende bombani kuandika. Binti yake hakuweza kuja kumzika. Safari ni ndefu, na karatasi zake zilikuwa bado hazijakamilika. Alinipigia simu usiku wa mazishi. Alisema kwamba asubuhi ile theluji ilikuwa bado ipo, akakaa dirishani na kuwahesabu ndege wa uani, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Walikuwa 14. Akaniomba niandike idadi hiyo katika daftari la mama, ukurasa wa mwisho aliouandika mwenyewe. Nimeiandika.

Nataka kusema ukweli mmoja kabla sijamaliza. Baada ya msiba, sanduku la bati lilikaa nje siku mbili, na daftari moja lilikwisha kuchanwa kurasa za kuwashia moto. Hakuna wa kulaumiwa; karatasi ni karatasi, na watoto hawakujua. Lakini tujiulize: miaka mingapi ya kazi ingeteketea kwa chai moja? Chapman na wenzake hawakuwa na akili kuliko mama yetu. Waliwapata tu watu wa kuyatunza madaftari yao na watu wa kuendelea walipoishia. Kati ya mwaka 1881 na 1970 watu wa kujitolea wa Amerika ya Kaskazini waliandika kadi za ndege wahamaji ambazo zinafika milioni 6 hivi. Kwa miaka mingi zilikaa katika makabati. Kuanzia mwaka 2009 watu wengine wa kujitolea, wasiowajua wale wa kwanza, walianza kuzinakili moja moja ili zisipotee.

Kwa hiyo kamati, katika kikao chake kilichopita, imekubaliana mambo matatu. Kwanza, madaftari yote 31 yaliyobaki yatahifadhiwa katika kabati la ofisi ya kamati, na yeyote anayetaka kuyasoma ataruhusiwa kuyasomea hapohapo. Pili, wanafunzi wa darasa la 6 watanakili kurasa zilizoanza kufutika, chini ya usimamizi wangu. Tatu, daftari la bomba halitasimama.

Tangu mwezi wa tatu yule mtoto wa jirani ndiye amekuwa akiandika kabla ya kwenda shule, lakini anachelewa masomo na hilo si haki. Tunahitaji mtu mzima, mwanamume au mwanamke, anayejua kuandika na anayeweza kuwa bombani saa 12 asubuhi. Hakuna malipo. Daftari na kalamu vitatolewa na kamati. Atakayekubali amwone katibu kabla ya Ijumaa.

Mbayuwayu wa mwaka huu wamekwisha fika. Mtoto ameandika.